Ndege Wawili Kwenye Geti la Mwalimu

Kama gazeti lako la wiki iliyopita limekwisha kufungia sabuni, nakukumbusha kwa ufupi. Mimi ni fundi wa kuchomelea vyuma. Nilikwenda nyumbani kwa Mwalimu Mkuu mstaafu kumwambia nataka kumwoa binti yake. Nikabisha hodi, nikaliegemea geti kidogo ili nionekane mtu aliyetulia. Geti likang'oka, likaenda chini nami juu yake, na sote wawili tukatua kwenye mawaridi.

Mwalimu akatoka, akanitazama pale chini, akauliza, "Wewe ni nani?"

Nikamjibu kwamba mimi ni fundi wa mageti.

Hakufoka. Afadhali angefoka. Alikaa kwenye ngazi ya baraza, akanisikiliza nikimweleza haja yangu yote huku nikichomoa miiba mkononi.

"Kwa hiyo unataka binti," alisema nilipomaliza, "na umeanza kwa kuvunja geti."

"Bawaba zilikuwa zimeoza, Mwalimu."

"Sikukuuliza habari za bawaba."

Nikachomoa mwiba mwingine.

"Utanitengenezea jipya. Nataka geti ambalo halipo mtaa huu wala mtaa wa pili. Likinipendeza, tutazungumza habari ya binti. Lisiponipendeza, usirudi hapa hata kuomba maji ya kunywa."

Dada yake, shangazi wa binti, alikuwa ameketi pembeni na mashuke yake akishona. "Na mawaridi yangu?" aliuliza.

"Na mawaridi ya shangazi yake," akasema Mwalimu.

Hapo ndipo shida yangu ilipoanza rasmi.

Naomba nikueleze kitu kimoja kuhusu kazi yetu. Fundi mageti anajua michoro mitatu. Kuna jua linalochomoza, kuna mikuki, na kuna maboksi. Mteja akitaka makubwa, unamwekea jua juu ya maboksi, anakwenda zake akiwa ameridhika. Mtaa wa Mwalimu wote ulikuwa jua, mikuki na maboksi, na mengi ya mageti hayo niliyatengeneza mimi. Kwa maneno mengine, nilikuwa nimeombwa kitu chochote isipokuwa kile ninachokijua.

Nikachukua chaki, nikapiga magoti kwenye sakafu ya karakana, nikachora. Nilipoinuka nikaona nimechora jua.

Nikafuta. Nikachora tena. Safari hii lilikuwa jua lenye mikuki.

Bosi wangu alikuwa amesimama nyuma yangu na kikombe cha chai. Ni mtu mnene, mpole, na hana haraka ya kumuumiza mtu.

"Hilo si la mtaa wa chini?" aliuliza.

"Ndilo."

"Na lile ulilofuta?"

"La jirani yake."

Akanywa chai. "Kichwa chako kimeshika kutu. Kipake grisi. Ukishindwa, kuna madirisha ya zahanati yanakusubiri."

Siku zikapita nikiwa napiga magoti na kufuta. Sakafu ya karakana ikawa safi kuliko ilivyowahi kuwa. Usiku sikulala vizuri, mchana nilichoma vidole. Siku moja nikasahau kushusha kioo cha kofia, ule mwanga wa kuchomelea ukanipiga, na jioni macho yakawa kama yamepakwa pilipili.

Macho ndiyo yaliyonikutanisha na binti wa Mwalimu tangu mwanzo. Anauza kwenye duka la dawa lililotazamana na karakana yetu. Kila fundi wa pale akiungua macho huvuka barabara kwenda kuwekewa matone. Wenzangu waliungua mara moja moja. Mimi nilikuwa mteja wa kudumu. Nilimwita Daktari, yeye akaniita Fundi, na kwa miaka miwili tulizungumza juu ya kila jambo chini ya jua nikiwa nimeinua uso na yeye akinidondoshea dawa.

"Umekwama," alisema jioni ile. "Usifumbe jicho."

"Nimekwama. Baba yako anataka kitu ambacho hakijawahi kuonekana."

"Si utafute mtandaoni?"

"Nitafute nini huko?"

"Mageti. Watu wakikwama kazini siku hizi hufungua simu wakaona wenzao wamefanya nini. Kichwa kinafunguka."

"Huo si wizi?"

"Na lile jua lako ulilitoa wapi?"

"Nilimkuta nalo Bosi."

"Basi," alisema, akanipa pamba nijifute.

Nikaenda nyumbani, nikanunua bando, nikakaa kitandani nikaandika: mageti mazuri. Sikujua kama duniani kuna mageti mengi kiasi kile. Niliona geti lenye simba, geti lenye nanga, geti la dhahabu la mtu ambaye bila shaka ana maadui. Nikashusha kidole. Nikaona mtu anayefundisha kasuku kupiga mluzi. Nikashusha tena. Nikaona akina dada wawili wakigombana kwa lugha nisiyoijua. Niliwatazama mpaka mwisho, na ninaamini mkubwa ndiye aliyekuwa na haki.

Bando likaisha. Nilichopata cha kumfaa Mwalimu kilikuwa ni kasuku.

Kesho yake nikanunua jingine. Sasa simu ilikuwa imenizoea, ikaanza kuniletea mageti yenyewe bila kuulizwa. Nikiifungua kutazama saa, geti. Nikitaka kumpigia mama, geti. Na ndipo, nikiwa nimekaa kwenye benchi la karakana nasubiri rangi ikauke kwenye dirisha la zahanati, likatokea lile.

Lilikuwa geti la milango miwili. Kila mlango una ndege mmoja aliyekunjwa kwa nondo nyembamba, mabawa wazi, manyoya moja moja. Ndege wamekabiliana, na katikati yao kuna kijiti cha chuma. Huyu ameshika ncha huku, yule ameshika ncha kule, wanavutana. Nyuma yao kuna bamba zito lisilopitisha hata jicho.

Sikuwa na shaka yoyote. Kitu kilifunguka kichwani mwangu na nikajua naweza kulitengeneza, tena nikajua litapendeza mkononi mwangu kuliko mkononi mwa huyo aliyelitengeneza mwanzo.

Nikampelekea Mwalimu simu. Akavaa miwani, akaikuza picha kwa vidole viwili, akaikagua kama anayesahihisha mtihani. Nilisimama mbele yake nikiwa nimefumbata mikono.

"Hawa ni ndege gani?" aliuliza.

"Sijui, Mwalimu. Ndege tu."

Shangazi akachungulia begani kwake. "Wanagombania nini?"

"Kijiti," nikasema.

"Wamekosa cha kugombania."

"Hilo hilo," akasema Mwalimu, akanirudishia simu. "Na kijiti kisogee, kisiwe pambo la kubandikwa. Usiongeze kitu, usipunguze kitu. Nyinyi mafundi mna tabia ya kuongeza."

Niliapa kwamba sitaongeza.

Kazi ile niliifanya kwa roho yangu yote. Nilikunja nondo kwa mkono, unyoya baada ya unyoya, nikazisaga kwa grenda mpaka zikawa laini za kushikika. Bosi alipita, akasimama, akaenda zake bila neno. Kwake hiyo ni sifa kubwa. Kijiti nikakipitisha ndani ya mdomo wa ndege wa kulia mpaka ndani ya mdomo wa ndege wa kushoto, kikateleza vizuri bila kukwaruza. Nikapiga rangi nyeusi.

Kuna jambo ambalo fundi yeyote wa mageti akisoma hapa atakuwa ameshaanza kulitikisia kichwa. Sisi geti tunalitengenezea chini. Linalala sakafuni muda wote, na geti likiwa limelala chini halina ndani wala nje. Lina juu na chini tu. Upande wa ndege ulikuwa juu, bamba lilikuwa chini, na mimi nilikuwa na furaha.

Tukalipeleka, tukalisimamisha, tukamwaga zege kwenye nguzo. Mtaa mzima ulikuja. Watu waligusa manyoya. Mama mmoja alipiga picha akiwa katikati ya ndege, akaomba apigwe tena. Mwalimu alivaa koti. Akasimama mbele ya ndege, akasema maneno machache kuhusu ustadi na nidhamu, akayamaliza kwa kuniwekea mkono begani.

"Jumapili njoo," akaninong'oneza. "Tuzungumze."

Watu wakatawanyika, Mwalimu na shangazi wakaingia ndani, nami nikabaki nje peke yangu kulitazama geti langu likiwa limefungwa. Nikavuta milango miwili ikakutana. Nikasukuma kijiti. Kikaingia taratibu, kikatulia.

Nilisimama pale nikijipongeza.

"Fundi," sauti ya Mwalimu ikatoka ndani. "Hebu fungua, nimeacha fimbo yangu huko nje."

Nikarudisha kijiti, nikafungua, nikampa fimbo. Akashukuru, akaingia. Ilinichukua muda, nikiwa nimeshika mlango, kuelewa kilichotokea. Kile hakikuwa kijiti. Kilikuwa komeo. Na komeo lilikuwa upande wangu.

Nilikuwa nimemtengenezea baba mkwe geti ambalo mpita njia yeyote anaweza kumfungia ndani, na yeye asiweze kumfungia nje mtu yeyote.

Zege lilikuwa limeshaanza kushika.

Nikakimbia mpaka duka la dawa. Binti alinisikiliza, akaomba aione picha, kisha akacheka mpaka mgonjwa mmoja aliyekuja na cheti cha dawa akaahirisha kununua.

"Fundi," alisema alipopata pumzi, "tazama hapa pembeni. Hiki ni nini?"

"Bomba la maji."

"Na hizi?"

"Ndala."

"Na huyu?"

"Mbwa. Amelala."

"Nani anaweka bomba la bustani na ndala na mbwa wake nje ya geti? Picha imepigwa kutoka ndani. Huyu mtu ndege wake amewaweka wamtazame yeye."

"Mtu gani anaweka mapambo ndani?"

"Mtu asiyejali majirani wanasema nini," alisema, na sasa hakuwa anacheka. "Baba yangu usimtegemee kuwa hivyo."

Jumapili nikaenda nimejikaza. Nilimkuta Mwalimu barazani akinywa chai, shangazi pembeni na mashuke yake.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Kaa."

Sikukaa. Nikasema yote kwa mkupuo mmoja. Komeo liko nje, picha ilipigwa kutoka ndani, nimekosa, nitavunja zege kwa gharama yangu, nipewe siku chache.

Akanywa chai.

"Nimeshaliona hilo," alisema.

"Umeliona?"

"Mimi si mjinga. Nimeliona siku ile ile usiku, nilipotaka kufunga. Jirani akaniuliza, nikamwambia nimelitaka hivyo. Nikamwambia ndio mtindo wa kisasa."

"Lakini Mwalimu, mtu anaweza kukufungia."

"Nani atanifungia mimi? Mtaa mzima nimeufundisha. Weka komeo dogo kwa ndani na kufuli, hilo la nje libaki. Ndege hawawezi kuvutania hewa."

Shangazi akasema, bila kuinua macho, "Nilisema mimi wamekosa cha kugombania."

Nilihisi mzigo umeshuka mabegani. Nikakaa. Nikamsubiri Mwalimu aanze ile habari yangu, na kweli akaanza.

"Geti hili limetupandisha hadhi," alisema. "Juzi kijana mmoja alikuwa anapita na gari. Akasimama, akashuka, akauliza nani anakaa hapa. Kumbe nilimfundisha hesabu. Sasa ni mhandisi wa madaraja. Hajaoa. Nimemwalika Jumamosi amwone binti."

Niliona kikombe cha chai kikisogea mbali, ingawa hakuna aliyekigusa.

"Mwalimu," nilisema, "uliniambia likikupendeza tutazungumza habari ya binti."

"Ndiyo tunaizungumza. Habari ya binti ndiyo hiyo." Akanitazama kwa upole wa kweli, na huo upole ndio ulioniumiza. "Wewe ni kijana mzuri, una mikono. Jumamosi uje pia. Atapenda kuelezwa habari za vyuma."

Nilitoka nikifungua geti langu mwenyewe kwa mkono wangu mwenyewe. Niliumia, sifichi. Nilikuwa nimechora, nimekunja, nimesaga na kupaka rangi chambo cha kumvutia mwanamume mwingine.

Nikapita duka la dawa.

"Umeambiwa?" nikamuuliza.

"Nimeambiwa nivae gauni la kijani."

"Utafanya nini?"

"Nitavaa gauni la kijani," alisema, akageuka kumhudumia mteja.

Nikarudi kwenye simu. Nilijiambia ilikuwa imenisaidia mara moja, itanisaidia tena. Nikaandika: maneno ya kumshawishi baba mkwe. Nikampata bwana mmoja mwenye tai, mbele ya pazia, aliyedai maneno yake yamefungua milango migumu. Hotuba ilianza na "Mzee wangu mheshimiwa, mbele yako nasimama kama mti uliokosa kivuli." Nikaikariri yote. Niliisema kwa sauti karakanani wakati wa kukata nondo, na Bosi akazima mashine kunisikiliza.

"Mti uliokosa kivuli," alirudia. "Mti ndio wenye kivuli, bwana. Ukose vipi?"

"Ndivyo ilivyoandikwa."

"Haya," alisema, akawasha mashine.

Jumamosi nilifika mapema na shati lililopigwa pasi. Mhandisi alikuja baada yangu. Nilikuwa nimejiandaa kumchukia, lakini hakunipa nafasi. Kabla ya kuingia alisimama kwenye geti, akapitisha kidole kwenye maungio, akainama kuyatazama kwa karibu.

"Wewe ndiye uliyechomelea?"

"Ndimi."

"Kazi safi sana, ndugu yangu. Sisi kwenye daraja tungefurahi kupata mtu wa hivi."

Nikamshukuru. Nilijitahidi tena kumchukia, akawa ananizidi adabu.

Shangazi akamkaribisha ndani, kisha akanigeukia akiwa na kigoda mkononi. Watoto wa mtaa walikuwa wameshagundua kwamba kijiti kinateleza, na tangu Jumanne walikuwa wanakwenda nacho mbele na nyuma kama msumeno.

"Wewe kaa hapa nje uwazuie wasichezee ndege," aliniambia. "Tutakuita wakifika kwenye habari za vyuma."

Kwa hiyo nikakaa nje kwenye kigoda, na shati langu la pasi, na hotuba yangu yote kifuani. Nyuma ya bamba nilisikia vikombe, nilisikia Mwalimu akieleza jinsi ya kugawa sehemu, nilisikia kicheko cha Mhandisi, ambacho kilikuwa kicheko cha kawaida kabisa.

Mlango wa geti ukafunguka. Akatoka binti, gauni la kijani, kikapu cha chupa tupu za soda mkononi. Akaweka kikapu chini. Akavuta mlango wa kushoto, akavuta wa kulia. Kisha akashika kijiti kwa mkono mzima, akakisukuma mpaka mwisho.

"Daktari," nikasema, "unafanya nini?"

"Nafunga geti."

Kisha tukasikia ndala za shangazi zikija, na geti likatikiswa.

"Halifunguki," alisema shangazi.

Ikaja fimbo ya Mwalimu. "Nani amefunga?"

"Mimi, baba."

"Fungua."

"Nitafungua. Kwanza nisikilizwe."

"Njoo ndani usikilizwe."

"Ndani nimekuwamo miaka yote, baba."

Nilitazama ukuta. Mwalimu mwenyewe aliuwekea vipande vya chupa juu, kona mpaka kona, kwa ajili ya wezi. Hapakuwa na wa kupanda. Watoto wa mtaa walikaa chini kando ya barabara, wakiwa wametulia kuliko siku zote.

"Sema basi," Mwalimu akasema. Sauti yake ilikuwa ya mtu anayekumbuka kwamba ana mgeni.

"Mmekaa humo mnanipanga, na mimi nimetumwa soda. Simkatai mgeni, sijamjua hata nimkatae. Lakini hakuna mtu ndani ya nyumba hii aliyeniuliza neno. Nimeambiwa rangi ya gauni tu."

"Ni huyo fundi aliyekutuma?"

"Hakuna aliyenituma."

"Kwa hiyo unamtaka huyo fundi."

Nikainuka kwenye kigoda. Nikanyoosha shati. Niliona sasa saa yangu imefika, tena mbele ya mashahidi, na nikamhurumia Mhandisi kidogo kwa sababu alikuwa mtu mwema. Nikamgeukia binti, nikiwa tayari kulipokea jibu lake kwa unyenyekevu.

Alikuwa ananitazama mimi.

"Huyu naye hajaniuliza," alisema.

Nilitaka kubisha. Nikafungua mdomo, nikarudi nyuma kichwani mwangu mwaka huu na mwaka jana, tone moja baada ya jingine. Tulizungumza juu ya bei ya mkaa, juu ya mama yangu, juu ya ndoto, juu ya mgonjwa aliyekunywa dawa ya kupaka. Siku niliyomwambia kwamba Jumapili ninakwenda kwa baba yake kuposa, alijibu, "Haya." Mimi ile "haya" niliibeba mpaka nyumbani kama hati ya kiwanja.

Nilikuwa nimemwomba baba yake. Nilikuwa nimemwomba kwa mdomo, kwa chuma na kwa zege. Yeye sikuwa nimemwomba hata siku moja.

"Nilidhani unajua," nikasema.

"Nilijua. Nilitaka kuulizwa." Mkono wake ulikuwa bado kwenye kijiti. "Niulize sasa, wote wanasikia. Na ujue naweza kusema hapana."

Maneno yote niliyokuwa nayo yalikuwa ya Mzee wangu mheshimiwa. Nikayageuza huku na huku, hakuna hata moja lililomfaa. Mkono wangu ukateremka wenyewe kuelekea mfukoni.

"Simu iache," alisema.

Nikaiacha. Jasho lilikuwa linanitoka mpaka kwenye nyayo. Nikamtazama, na sijui kama nimewahi kumpenda mtu kama nilivyompenda pale, na kitu kilichotoka mdomoni kilikuwa hiki:

"Unanitaka?"

"Hilo ndilo swali?"

"Ndilo nililonalo."

"Nimelisikia," alisema.

Nyuma ya bamba shangazi akanong'ona kwa sauti ya kusikika mtaa wa pili, "Kasema nini?"

"Amemuuliza kama anamtaka," akasema Mwalimu.

"Hivyo hivyo tu?"

"Hivyo hivyo."

Binti aligeuka akalitazama bamba, akaligonga mara mbili kwa vifundo vya vidole.

"Na wewe mgeni," akasema, "samahani kwa kukufungia. Una la kuniuliza?"

Nikasikia kiti kikisogea barazani, kisha hatua za viatu vya ngozi zikivuka ua, bila haraka, mpaka zikasimama upande wa pili wa ndege wangu.

"Ninalo," akasema Mhandisi. "Nilialikwa na baba yako, si na wewe. Kwa hiyo naomba nikuulize wewe mwenyewe. Ungependa nikae, au ungependa niondoke?"

Hata shangazi hakuuliza kasema nini.

Binti aliinamisha kichwa, akafikiri. Kwa miaka miwili nilikuwa nimetazama uso ule kwa macho yanayotoka machozi, na sikuwahi kumwona akifikiria kwa muda mrefu hivyo jambo ambalo nimemwambia mimi. Kisha akaanza kukirudisha kijiti, nami sikujua kama anamfungulia mgeni atoke au anaingia amwambie akae.